Kasha la bibi linapofika Horohoro

Basi la Mombasa likifika Horohoro, abiria wote huteremka. Aliyelala huamshwa, aliyebeba mtoto humhamishia mkono wa pili, na kila mmoja hutafuta karatasi zake: hati ya kusafiria, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na karatasi za mzigo kwa mwenye mzigo. Wabadilisha fedha huwafuata na mabunda ya shilingi za nchi mbili. Jua la pwani halina huruma, na foleni husogea polepole.

Upande huu ni Wilaya ya Mkinga, Mkoa wa Tanga. Upande wa pili ni Lunga Lunga, Kaunti ya Kwale. Wadigo wako huku na kule, wanaoana, wanazikana, na wanasikilizana bila mkalimani. Tofauti huanza kwenye vitu vidogo. Huku mama wa mama ni bibi. Ukivuka, wengi humwita nyanya, na bibi huwa ni mke wa mtu. Mtoto wa Tanga akisikia shangazi yake wa Likoni anasema "nyanya anaumwa", anaweza kudhani ni habari za sokoni.

Mizigo mingi inayopita hapa ni ya kila siku: machungwa ya Muheza, mahindi, vyombo vya plastiki, mabegi ya wanaokwenda harusini. Lakini mara moja moja hufika mzigo wa namna nyingine juu ya kirikuu, umefunikwa blanketi na kufungwa kamba kila upande. Ni kasha la kale, zito, limechongwa nakshi, la marehemu bibi.

Hapo ndipo huja maswali manne mafupi ya forodha. Hiki ni nini? Ni cha nani? Kimetoka wapi? Kimetengenezwa lini? Swali la kwanza kila mtu hulijibu. Mengine matatu huwanyamazisha wengi.

Familia ya mfano

Chukua familia ya mfano, kwa kuwa za namna hii Tanga ziko nyingi. Bibi amefariki nyumbani kwake Ngamiani. Ameacha watoto wanne: wawili wako Tanga, mmoja Dar es Salaam, na binti mkubwa ameolewa Likoni, Mombasa. Arobaini imepita. Vyombo vimegawanywa, kanga zimegawanywa. Limebaki kasha lililokuwa miguuni mwa kitanda chake, lenye michoro ya majoka na maua, na kufuli la shaba la mviringo.

"Dada, mimi sikukatalii," anasema mdogo wake wa kiume kwenye simu. "Lakini mtu amekwishakuja na pesa mkononi. Tukigawana wanne, kila mmoja anapata cha kulipia ada ya watoto."

"Mdogo wangu, lile si gunia la nazi," dada anamjibu. "Mama aliniambia mimi, kasha ni lako."

Mama mdogo, aliyekuwa amekaa pembeni, anauliza jambo moja tu: "Wanangu, nani kati yenu anajua lilitoka wapi?"

Hakuna anayejua. Mmoja anasema la Mchina. Mwingine anasema la Mwarabu. Wa tatu anasema babu alilinunua Unguja. Ugomvi wote ulikuwa juu ya kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiangalia vizuri.

Makasha ya pwani si ya aina moja

Kasha linaloonekana mara nyingi kwenye nyumba za pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, ni kasha la njumu. Hili ni sanduku la mbao ngumu lililopigwa misumari ya shaba na mabamba ya shaba yaliyokatwa nakshi. Chini huwa na watoto wa kuvuta, mara nyingi watatu. Ndani, upande mmoja, kuna kijisanduku chenye mfuniko wake, mahali pa dhahabu, fedha na hati. Ubavuni kuna pete nene za kubebea.

Mengi ya makasha hayo yalitoka Surat na Bombay nchini India, yakaja na majahazi ya kaskazi. Mengine yalitengenezwa papa hapa pwani, na mafundi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wanayatengeneza hadi leo. Ndugu zetu wa Oman wana la kwao wanaloliita mandusi, na ukiliweka pembeni ya la Zanzibar utaona ni watoto wa ukoo mmoja.

Kasha la Kichina ni jingine. Halitegemei misumari ya shaba kwa urembo wake, kwa kuwa urembo uko kwenye mbao yenyewe: majoka, mianzi, maua, jahazi lenye tanga la mbavu, watu wakivuka daraja. Fundi wa Kichina aliyesomea kazi yake aliunganisha mbao kwa kuzitoboa na kuzichomeka, ulimi ndani ya tundu, au kwa meno yanayoshikana kwenye pembe. Shaba huja mwisho, kwenye bawaba, pembe na kufuli.

Mbao nazo ni za aina mbili kubwa. Samani za wakubwa wa China zamani zilitengenezwa kwa miti migumu, mizito na myekundu inayoitwa kwa jumla hongmu. Masanduku ya nguo na ya safari, kwa upande mwingine, mara nyingi yalikuwa ya mti wa kafuri, ambao si mgumu sana lakini una harufu ambayo nondo hawaipendi.

Kati ya mwaka 1757 na 1842, wafanyabiashara wa Ulaya waliruhusiwa kununua katika bandari moja tu ya China, nayo ni Guangzhou, waliyoiita Canton. Chai, hariri, vyombo vya kaure na masanduku ya kafuri vilitokea hapo. Baadaye, katika karne ya 20, Hong Kong na Shanghai zikawa na karakana nyingi za makasha ya kafuri yenye nakshi pande zote, yaliyouzwa kwa mabaharia, maofisa wa kikoloni na wasafiri. Kasha likishafika Bombay au Zanzibar lilikuwa bidhaa kama bidhaa nyingine. Liliweza kununuliwa na nahodha, mfanyabiashara au baba mwenye binti wa kuozwa.

Kwa hiyo si ajabu kasha la Kichina kuonekana Tanga. Ajabu ni familia kuishi nalo miaka sitini bila kujua.

Jinsi ya kuliangalia

Kazi hii haihitaji mtaalamu wa kwanza. Inahitaji tochi ya simu, kitambaa kikavu na muda wa saa moja.

Anza na pua. Fungua mfuniko, ingiza kichwa, vuta pumzi. Kasha la kafuri hutoa harufu kali yenye ubaridi, na likiwa la zamani sana harufu hurudi ukisugua kidogo mbao ya ndani kwa kidole. Watoto wa pwani huijua harufu hiyo mahali pengine, kwani kafuri ndiyo karafuu maiti, inayotiwa kwenye maji ya mwisho ya kuoshea maiti. Wapo wanaoliogopa kasha la bibi kwa sababu hiyo tu. Waeleze kwamba ni mti ule ule, kazi mbili.

Kisha geuza macho kwenye pembe. Meno yaliyokatwa kwa mkono hayalingani sawasawa, jino moja nene, jingine jembamba. Meno yaliyokatwa na mashine hufanana kama pacha.

Angalia skrubu za bawaba. Zile zenye kichwa cha msalaba zilianza kuenea miaka ya 1930. Ukizikuta, ama kasha si la kale kama mlivyodhani, ama bawaba zilibadilishwa. Angalia pia sehemu ya chini na ya nyuma. Ukikuta plaiwudi, hilo ni la karne ya 20 au limekarabatiwa.

Mwisho angalia rangi ya ndani. Mbao ya kale huiva polepole, na mahali mkono ulipogusa kila siku, yaani ukingo wa mfuniko na vishikio, huwa laini na nyeusi zaidi. Kasha jipya lililopakwa rangi lionekane la kale huwa jeusi kila mahali sawasawa, hata kwenye kona ambazo mkono haufiki. Kutengeneza jipya kwa mtindo wa kale si kosa. Kosa ni kuuziwa jipya kwa bei ya kale, au kuuza la kale kwa bei ya jipya.

Mti wa kwetu katika kabati lao

Kuna jambo ambalo wazazi wanaweza kuwasimulia watoto wakiwa wamekaa mbele ya kasha.

Mti wa heshima kuliko yote katika samani za kale za China, ule uitwao huanghuali, ni wa jenasi ya Dalbergia. Mpingo wetu, unaochongwa vinyago na Wamakonde, ni wa jenasi hiyo hiyo. Zitan, mti mwingine uliopendwa na majumba ya wafalme wa China, ni wa jenasi ya Pterocarpus. Mninga, ambao nusu ya vitanda vya Tanzania vinatokana nao au vinaigiza rangi yake, ni wa jenasi hiyo pia. Hata mbao ya sishamu ya India, iliyotengeneza makasha mengi ya njumu, ni ndugu wa mpingo.

Miti ya kwao ilipokwisha kwa kukatwa, macho yalihamia mbali. Mwaka 2000 China ilitoa kiwango cha taifa kilichoorodhesha aina 33 za miti iliyoruhusiwa kuitwa hongmu, na mpingo ulikuwamo. Kwa hiyo safari imegeuka. Zamani kasha lilitoka huko likaja Tanga. Siku hizi gogo linatoka Afrika linakwenda huko kuwa kasha.

Ndiyo maana tangu Januari 2017 miti yote ya jenasi ya Dalbergia imewekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na mkurungu, ndugu wa mninga, ukafuata kwa uamuzi wa mwaka 2019. Mzazi anayemiliki kasha la mti mgumu anamiliki mbao ambayo haitapatikana kirahisi tena.

Kafuri nayo ina ndugu karibu na nyumbani. Kwenye misitu ya Usambara kuna mkulo, mti mkubwa wa familia moja na mti wa kafuri, uliokatwa sana kwa ajili ya samani na mbao za ujenzi. Na pale Amani, juu ya Muheza, ambapo Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo na mimea mwaka 1902, mti wenyewe wa kafuri kutoka Asia ni miongoni mwa miti iliyoletwa kupandwa. Darasa zima liko ndani ya mkoa mmoja.

Mashimo ya Tongoni

Kabla ya kuamua kuuza, familia ya Tanga ingefaa kupanda gari la Pangani na kuteremka Tongoni, mwendo wa kilomita chini ya 20 kusini mwa mji. Pale pana msikiti uliobomoka na makaburi zaidi ya arobaini, ya mji uliostawi karne ya 14 na ya 15, zamani za biashara ya bahari. Baadhi ya makaburi hayo yalipambwa kwa bakuli na sahani za kaure kutoka China, zilizopachikwa kwenye chokaa la ukuta na la nguzo.

Ukienda leo utaona mashimo ya mviringo. Bakuli zimeng'olewa zamani. Aliyeng'oa bila shaka alipata chochote siku ile. Waliobaki walipata shimo, na mtoto anayetembezwa pale inabidi aambiwe afikirie kilichokuwepo.

Kasha la bibi likiondoka bila maelezo, nalo huacha shimo la namna hiyo sebuleni. Tofauti ni kwamba familia hii bado ina nafasi ya kuamua kwa akili.

Mirathi kwanza, mnunuzi baadaye

Turudi kwa ndugu wanne. Dada anasema mama alimwambia. Kaka anasema pesa ipo. Kila mmoja ana hoja, lakini hakuna mwenye haki ya kuamua peke yake.

Kasha ni sehemu ya mirathi kama shamba au nyumba. Kwa Waislamu, ambao ndio wengi katika mitaa ya Ngamiani, wasia kwa mtu ambaye tayari ni mrithi hauthibiti mpaka warithi wengine waridhie. Maneno ya mama kwa binti yake yana uzito wa mapenzi, na ndugu wanaweza kuyaheshimu kwa hiari yao, ila hayafuti haki za wengine. Njia ya amani ni kulithamini kasha, kisha dada alichukue kama sehemu ya fungu lake, au awafidie wenzake kidogo kidogo.

Msimamizi wa mirathi huteuliwa kwa barua ya mahakama, na Mahakama ya Mwanzo ndiyo hushughulikia mirathi nyingi za kawaida. Barua hiyo, pamoja na muhtasari wa kikao cha familia wenye sahihi za wote wanne, ndiyo jibu la swali la pili la mpakani: ni cha nani?

Kuhusu mnunuzi aliyekuja na pesa mkononi, ushauri ni mmoja. Usiuze siku ya kwanza. Piga picha za mbele, nyuma, ndani, pembe na kufuli, weka rula pembeni ili ukubwa uonekane, kisha waulize watu wawili au watatu wasiofahamiana. Usikubali shaba ing'olewe ili iuzwe kwa kilo. Kasha lililopoteza kufuli na bawaba zake limepoteza sehemu kubwa ya thamani, na hakuna fundi anayeirudisha.

Mpaka ulichorwa juu ya watu

Barabara ya lami kutoka Tanga hadi Horohoro ina urefu wa takriban kilomita 65. Ilijengwa kwa msaada wa Marekani kupitia mpango wa MCC, na kabla yake wasafiri walikula vumbi kiangazi na kukwama kwenye matope masika. Siku hizi safari ni nyepesi kiasi kwamba mtu husahau kuwa anavuka nchi.

Mpaka wenyewe una umri unaojulikana. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kugawana eneo hili kwa mstari ulioanzia mdomo wa mto Umba, ukapita Ziwa Jipe na kuzunguka Kilimanjaro hadi Ziwa Viktoria. Miaka 29 baadaye, Januari 1915, walipigana Jasini, karibu na pwani, kugombea mstari huo huo. Wenyeji wa Vanga na Moa hawakuulizwa mara zote mbili.

Makasha mengi yaliyomo kwenye nyumba za eneo hili yalivuka bahari na pwani yote kabla au muda mfupi baada ya mstari huo kuchorwa. Yalipakiwa jahazini, yakateremshwa ufukweni, yakabebwa na wapagazi wanne kwa pete za ubavuni. Leo kasha hilo hilo linahitaji karatasi ili liende Likoni kwa dada. Kulalamika hakusaidii, kwa sababu sheria inayolizuia ndiyo inayowazuia wanaotaka kubeba milango ya nakshi na mabaki ya Tongoni.

Nchini Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, pamoja na milango na fremu za nakshi za kabla ya mwaka 1940. Vitu hivyo havitolewi nchini bila kibali. Nchini Kenya, sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na kukitoa kunahitaji kibali vilevile. Maana yake ni kwamba kasha likivuka na baadaye familia ikataka lirudi, maswali yatakuwepo pia upande wa pili.

Kwa hiyo kabla ya kukodi kirikuu, mambo manne yakamilike. Kwanza, picha za kasha zipelekwe kwa ofisa wa mambo ya kale, ambaye idara yake iko chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, aeleze kama kibali kinahitajika. Kwa wakazi wa Tanga, makumbusho ya Urithi yaliyopo kwenye boma la zamani la Wajerumani ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza. Pili, barua ya msimamizi wa mirathi iwepo. Tatu, wakala wa forodha aelezwe ukweli kuwa ni kifaa cha nyumbani cha urithi, si bidhaa, na aulizwe kama kuna ushuru. Nne, ndani ya kasha kuwe kutupu. Kasha lenye watoto wa kuvuta na vijisanduku vya ndani hukaguliwa mpaka mwisho, na chochote kilichosahauliwa humo humharibia mtu siku.

Anayefika na majibu ya maswali manne huondoka mapema. Anayefika na blanketi na kamba tu hukaa.

Kasha kwenye nyumba yenye watoto

Kasha likibaki Tanga au likifika Likoni, linaingia kwenye nyumba yenye wajukuu. Hapa mzazi asifanye mzaha.

Mfuniko wa mbao ngumu ni mzito, na ukimwangukia mtoto unaweza kuvunja vidole au kumuumiza kichwa. Hatari kubwa zaidi ni mchezo wa kujificha. Nchini Marekani, makasha ya mbao ya kampuni moja yaliyotengenezwa kati ya mwaka 1912 na 1987 yalilazimika kubadilishiwa makomeo, baada ya watoto kuingia ndani, komeo likajifunga lenyewe, wakafa kwa kukosa hewa. Kama kufuli la kasha lenu hujifunga lenyewe, liondoe na ulihifadhi, usilitupe. Kasha lisilotumika lifungwe kwa ufunguo, na ufunguo uwekwe juu.

Watu wengine huongeza vidonge vyeupe vya kafuri au vya nafthalini kati ya nguo. Mtoto huviona ni peremende. Kafuri ikimezwa, hata kidogo, inaweza kuleta degedege. Nafthalini huweza kuvunja chembe nyekundu za damu, hasa kwa watoto wenye upungufu wa G6PD, hali ya kurithi iliyo ya kawaida katika maeneo yenye malaria kama pwani yetu. Nguo za mtoto mchanga zisikae na vidonge hivyo. Kasha la mti wa kafuri lenyewe linatosha kufukuza nondo, na kwa makasha mengine karafuu kavu au udi hutosha kuleta harufu nzuri.

Matunzo mengine ni mepesi. Kasha lisikae sakafuni moja kwa moja kwa sababu ya mchwa na unyevu, bali liinuliwe kwa vipande vya mbao. Lipanguswe kwa kitambaa kikavu. Ndani ya kasha la kafuri lisipakwe vanishi, kwa kuwa vanishi huziba harufu. Shaba isisuguliwe kwa ndimu na chumvi ikiwa bado iko kwenye mbao, maana maji yake huacha madoa.

Ukurasa mmoja wa daftari

Swali la mama mdogo bado halijajibiwa. Lilitoka wapi?

Jibu kamili pengine bibi aliondoka nalo. Lakini nusu yake bado ipo kwa watu. Mama mdogo mwenyewe anakumbuka kwamba alipokuwa mdogo kasha lilikuwa chumba cha mbele, na kwamba ndani yake mlikuwa na leso za harusi na hati ya shamba. Jirani mzee anaweza kukumbuka lilifika kwa gari au kwa mkokoteni. Picha ya harusi ya mwaka fulani inaweza kulionyesha nyuma ya bibi harusi. Kila jibu la namna hii lina tarehe ndani yake.

Mjukuu anayejua kuandika apewe daftari. Aandike kasha ni la nani, lilikaa nyumba gani, nani alimpa nani, ndani mlikuwa na nini, na nani amesimulia. Aandike pia yale ambayo watu wawili wanasimulia tofauti, bila kuchagua mmoja. Aweke tarehe na jina lake. Ukurasa ule ukunjwe na uwekwe ndani ya kijisanduku cha kasha, na picha yake ibaki kwenye simu za ndugu wote wanne.

Baada ya hapo waamue. Pengine dada atalichukua, na kasha litasimama juani Horohoro siku moja huku wajukuu wakinunuliwa maji ya kunywa. Pengine ndugu wataona ni heri libaki Ngamiani, na dada awe analifungua akija Idi. Pengine ada ya shule itashinda, na litauzwa kwa bei inayostahili kwa mtu anayejua anachonunua. Hata hapo, daftari litabaki nyumbani.

Forodha ikiuliza, kuna cha kujibu. Na siku mjukuu atakapofungua mfuniko na kuuliza kwa nini linanukia hivi, mama yake hatalazimika kumwambia kwamba hajui.